Tarehe za Chaussée de Wavre

Watu wakiniuliza habari za mwisho wa mwaka 1999, wengi huanza kwa kicheko. Si ndio ule mwaka mlioambiwa kompyuta zitazimika na ndege zitaanguka, kumbe hakukuwa na kitu? Mimi sicheki. Nilikuwa Brussels, nikiandika programu za kompyuta kwa mshahara, na chumba changu kilikuwa juu ya saluni moja ya Chaussée de Wavre. Mwaka ule mtaa wetu ulikuwa na hofu mbili za tarehe. Ya kwanza ilijaa magazeti ya dunia nzima. Ya pili ilihusu wahamiaji wasio na makaratasi ya kuishi nchini, na ndiyo iliyowanyima majirani zangu usingizi.

Barabara yenyewe ni ndefu. Inaanzia Porte de Namur, inateremka katikati ya Matonge, inapita karibu na Bunge la Ulaya, inagusa Place Jourdan kule Etterbeek, kisha inashika njia hadi Auderghem. Kipande cha kwanza ndicho chetu. Wakongo walianza kukizoea baada ya Maison Africaine kufunguliwa mwaka 1961, mtaa wa Alsace-Lorraine, hatua chache kutoka hapo, ili kuwapokea wanafunzi. Wanafunzi wakaleta wenzao, wenzao wakataka vyakula vya nyumbani na mahali pa kunyolewa, na jina la Matonge likavuka bahari kutoka Kinshasa. Kufikia 1999 ungepata hapo sombe, mihogo, samaki wa chumvi, vitenge, kaseti za muziki, na maduka ya simu yenye vibanda vya mbao ambamo watu walipaza sauti wakiongea na nyumbani. Lingala ndiyo iliyotawala. Sisi wa Kivu, mashariki mwa Kongo, tulikuwa wachache, lakini tulijua saluni zetu.

Tatizo la kompyuta lilikuwa rahisi kulieleza, na nililieleza mara nyingi nikiwa nimekaa chini ya mikono ya msusi. Zamani, data iliingizwa kwa kadi za kutobolewa, na kadi moja ilikuwa na nafasi 80 tu. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ghali mno. Kwa hiyo waandishi wa programu wa miaka ya 1960 na 1970 waliandika mwaka kwa tarakimu mbili: 1965 ikawa 65. Haukuwa uzembe, ilikuwa hesabu ya fedha, nao waliamini programu zao zitakuwa zimetupwa kabla ya mwaka 2000. Hazikutupwa. Mmarekani Bob Bemer aliliandikia onyo jambo hili mwaka 1971, na mwaka 1993 Peter de Jager wa Kanada akachapisha makala katika gazeti la Computerworld yaliyowashtua wakuu wa kampuni. Kati ya onyo la kwanza na mshtuko huo ilipita miaka zaidi ya 20.

Chukua mtu aliyezaliwa 1935. Mwaka 2000 anafikisha miaka 65 na anastahili pensheni. Mashine inachukua 00, inatoa 35, inapata miaka 35 chini ya sifuri. Hapo programu ina njia mbili. Inaweza kukwama, na hiyo ni heri kwa sababu kila mtu ataona. Au inaweza kuendelea kimya kimya na kuandika jibu la uongo katika faili, na faili hilo likaenda kwenye programu nyingine, na nyingine, mpaka siku mzee aandikiwe barua kwamba hana haki ya kulipwa. Sisi tuliokuwa kazini tuliogopa zaidi hilo la pili. Giza la mjini halikutushughulisha sana.

Kampuni iliyoniajiri ilikuwa ya bima, na jina lake silitaji. Nilipata kazi kwa sababu Ubelgiji ilikuwa na upungufu wa watu wanaoijua lugha ya COBOL, nami nilikuwa nimeisoma Kinshasa kwenye mashine kuukuu ambazo huku walishaziweka kando. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kwenye kazi nyingine kubwa. Tarehe 1 Januari 1999 Ubelgiji iliingia katika euro pamoja na nchi nyingine 10. Noti zilikuwa hazijatoka, hizo zilikuja 2002, lakini vitabu vya benki na bima vilipaswa kuhesabu faranga 40.3399 kwa kila euro moja. Wenzangu wengine walikuwa hawajapumzika tangu wakati huo.

Kazi ilikuwa hivi. Unachapisha programu nzima kwenye karatasi ndefu zenye mistari ya kijani, zilizoungana ukurasa kwa ukurasa. Unakaa na kalamu nyekundu, unatafuta kila mahali panapogusa tarehe. Ingekuwa nyepesi kama kila aliyetutangulia angeita tarehe kwa jina la tarehe. Lakini mmoja aliita sehemu hiyo X7, mwingine aliiita kwa jina la mke wake, na wengi walikuwa wamestaafu, baadhi wamekufa. Ukishaipata, unachagua dawa. Dawa ya haraka ilikuwa kuweka mpaka: namba iliyo chini ya 30 isomwe kuwa ya miaka ya 2000, iliyo 30 au zaidi isomwe kuwa ya miaka ya 1900. Hiyo ilifaa kwa tarehe za malipo. Kwa tarehe za kuzaliwa haikufaa hata kidogo, kwa sababu tulikuwa na wateja waliozaliwa 1925, na mashine ingewaona kuwa watazaliwa 2025. Hapo ilibidi kupanua faili lote, mwaka uandikwe kwa tarakimu nne, na kila programu inayosoma faili hilo irekebishwe siku ileile. Baadaye tunaisogeza saa ya mashine ya majaribio mpaka usiku wa 31 Desemba 1999, tunaketi kuitazama ikivuka. Kisha tunaisogeza tena mpaka 28 Februari 2000, kwa sababu 1900 haukuwa mwaka mrefu lakini 2000 ni mrefu, na kuna waliokuwa wamejifunza nusu ya kanuni.

Katika majaribio hayo nilikutana na jambo ambalo sijalisahau. Kila usiku mashine ilitoa orodha ya rekodi zilizokataliwa kwa sababu tarehe zake hazikuwezekana. Nyingi zilikuwa makosa ya vidole. Lakini palikuwa na kundi ambalo majina yake niliyatambua kwa sikio: ya Kikongo, ya Kirundi, ya Kimoroko, ya Kituruki. Watu hawa walikuwa na mwaka wa kuzaliwa, lakini mwezi wao ulikuwa 00 na siku yao 00. Ndivyo rejista ya taifa ya Ubelgiji inavyomwandika mtu asiyejulikana siku aliyozaliwa. Programu yetu mpya, iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa ili isidanganywe na sifuri za mwaka, ilizikataa sifuri za mwezi. Mkuu wangu aliziona kama uchafu wa data. Nilimwambia kwamba hao ni watu waliozaliwa vijijini kabla ya cheti kufika, na kwamba mmoja wao ananiuzia ndizi kila Jumamosi. Tuliandika upya kanuni ile. Ilituchukua muda, na hakuna gazeti lililoandika.

Mtaani, hofu ya mashine haikuingia peke yake. Kiangazi cha 1999 Ubelgiji ilikuwa imepitia mkasa wa dioksini: sumu ilionekana katika chakula cha kuku, na mwishoni mwa Mei kuku na mayai yakaanza kuondolewa madukani. Mwezi uliofuata watoto wa shule huko Bornem waliugua baada ya kunywa Coca-Cola, chupa nazo zikaondolewa. Serikali ya Jean-Luc Dehaene ilishindwa katika uchaguzi wa 13 Juni, na Guy Verhofstadt akashika uwaziri mkuu. Mama aliyekuwa akipika kuku wa kuuza karibu na nyumba yetu alipoteza wateja kwa wiki nyingi. Basi ilipofika Novemba na wakubwa wakasema kwenye televisheni kwamba kila kitu kiko sawa, watu waliokwisha kuambiwa hivyo kuhusu mayai waliweka mchele ndani, na mishumaa, na maji. Sikuona ujinga katika hilo. Waliotoka Kinshasa walikumbuka pia noti ya zaire milioni tano iliyokataliwa madukani na ghasia zilizofuata Januari 1993. Mtu aliyewahi kuona fedha ya nchi yake ikifa mkononi hahitaji kusoma gazeti ili ajue kwamba namba zinaweza kumwangusha.

Wahubiri nao walikuwa kazini. Makanisa ya maombi yalikodi vyumba vya nyuma na maghala, na sifuri tatu za mwaka 2000 zilihubiriwa kwa nguvu. Wengi walikesha, wakaimba, wakarudi nyumbani salama. Nyumbani kwetu Afrika Mashariki mambo hayakwisha hivyo kila mahali. Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilikuwa limewafundisha wafuasi kwamba dunia itaisha 31 Desemba 1999. Watu waliuza mashamba na mifugo. Siku ikapita. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliwaka moto likiwa limefungwa, na baadaye maiti zaidi zikafukuliwa kwenye nyumba nyingine za kundi hilo. Waliokufa walikuwa mamia, wakiwemo watoto. Habari ilipofika Chaussée de Wavre, wanawake wa saluni walikaa kimya mchana mzima. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba hofu ya mwaka 2000 haikumuua mtu, namtajia Kanungu.

Sasa nije kwenye ile tarehe ya pili.

Septemba 1998 msichana wa Nigeria, Semira Adamu, alikufa baada ya askari kumkandamiza kwa mto ndani ya ndege alipokuwa akirudishwa kwao kwa nguvu. Waziri wa mambo ya ndani, Louis Tobback, alijiuzulu. Madai ya wasio na makaratasi yakapata nguvu, na serikali mpya ikakubali kuwapa baadhi yao haki ya kukaa. Sheria ilitiwa saini tarehe 22 Desemba 1999. Maombi yangepokelewa kwa wiki tatu tu, kuanzia 10 Januari 2000, na mwombaji alipaswa kuthibitisha kwamba alikuwa ndani ya Ubelgiji tarehe 1 Oktoba 1999. Kulikuwa na milango minne: waliosubiri jibu la ukimbizi kwa miaka mingi, wasioweza kurudi kwao kwa sababu zilizo nje ya uwezo wao, wagonjwa mahututi, na waliokwisha kuota mizizi ya kijamii nchini, ambao kwa kawaida walitakiwa kuwa wamekaa miaka sita.

Fikiria maana yake kwa mtu aliyeishi miaka sita akijificha. Umelipa kodi ya chumba kwa mkono, bila risiti. Umefanya kazi jikoni kwa jina la mwenzako. Simu iko kwa jina la mpwa. Umejitahidi kwa akili yako yote usiache alama, na sasa serikali inakuambia ulete alama zako, kila moja na tarehe yake.

Jioni za Desemba, nikitoka kusahihisha tarehe za wateja wa bima, nilipanda ngazi nikawakuta watu kwenye meza yangu. Walijua nimezoea makaratasi. Mzee mmoja wa Uvira alileta mfuko wa plastiki wa duka la vitenge. Alianza kutoa vitu kimoja kimoja na kuviweka mezani, kila kimoja kwenye nafasi yake. Bahasha kutoka kwa dada yake, muhuri wa posta wa 1994 bado unasomeka. Karatasi ya daktari wa meno. Kadi ya mwezi ya tramu yenye picha yake akiwa na nywele nyeusi. Programu ya misa ya maziko ya rafiki, jina lake likiwa kati ya wabeba jeneza. Risiti ya mashine ya kufulia nguo, ambayo wino wake ulikuwa umefifia mpaka ikabidi tuishike mbele ya taa.

“Hii itafaa, mwanangu?” aliniuliza kwa kila moja.

“Itafaa, baba. Iweke hapa.”

Tulizipanga kwa miaka. 1996 ulikuwa mtupu kabisa. Alifikiri sana, akasema mwaka ule alikuwa akimuuguza mtu, hakutoka. Tukaandika barua kwa mwenye nyumba wa zamani, Mbelgiji, na mtu yule akakubali kushuhudia kwa maandishi. Nimefanya kazi na mafaili makubwa maisha yangu yote, na sijaona rekodi iliyotengenezwa kwa kazi ngumu kama ya mzee yule.

Usiku wenyewe nilikuwa zamu ofisini. Tulitazama dunia ikigeuka. Saa tano asubuhi yetu Kiribati ilikuwa tayari imeingia, kwa kuwa walikuwa wameusogeza mstari wa tarehe mwaka 1995. Saa sita mchana New Zealand, saa kumi alasiri Tokyo. Saa nne usiku nilimpigia mdogo wangu Nairobi, akaniambia taa zinawaka na majirani wanapiga masufuria. Saa tano usiku ilikuwa zamu ya kwetu Bukavu, na Bukavu sikuwa na namba ya kupiga. Ilikuwa chini ya waasi tangu Agosti 1998. Mwaka mmoja kabla, katika siku zilezile za kufungua mwaka, mamia ya watu walikuwa wameuawa Makobola, kusini mwa Uvira. Usiku wa Krismasi ya 1999 Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko wa Bukavu alikuwa ametoa barua kali juu ya uporaji na mateso ya watu, na Februari waasi wakamzuia kurudi kwenye jimbo lake, wakampeleka Butembo. Kwetu hakuna aliyeiogopa kompyuta. Watu waliogopa mlango kugongwa usiku.

Saa sita usiku Brussels ilivuka. Faili zetu zilisoma 2000. Tulipeana mikono, tukaendelea kuangalia orodha mpaka asubuhi.

Ndipo likazaliwa neno la “kumbe hakukuwa na kitu”. Wanaolisema hutoa mfano wa Italia, iliyojiandaa kidogo na isidhurike sana. Ni hoja ya kujibiwa, na naijibu hivi: nchi zilizochelewa zilinunua programu na mitambo kutoka kwa watengenezaji waliokwisha kuvirekebisha kwa fedha za wengine. Tena si kweli kwamba hakuna kilichovunjika. Nchini Uingereza, siku chache kabla ya mwaka kwisha, mashine za kadi za madukani ziligoma kwa sababu zilikuwa zikiangalia siku nne za kazi mbele. Mitambo ya Marekani ya kupokea picha za setilaiti za kijasusi ilivurugika kwa siku kadhaa. Na huko Sheffield, kompyuta ya hospitali ilikosea umri wa akina mama wajawazito kuanzia Januari mpaka Mei 2000, na wanawake 154 wakapewa majibu yasiyo sahihi juu ya hatari ya mtoto kuwa na ugonjwa wa Down. Hilo ndilo jibu la uongo tuliloliogopa, lile lisilozima taa wala kupiga kengele. Kwingine kulikuwa shwari kwa sababu watu walikuwa wamefanya kazi, wengi wao usiku, na kazi ya namna hiyo ikifanikiwa haina cha kuonyesha.

Tarehe 10 Januari foleni ilianza kwenye ofisi ya komini yetu ya Ixelles, Place Fernand Cocq. Maombi yalipelekwa kwa meya wa mahali mtu anapoishi, naye akayapeleka kwenye tume. Baridi ilikuwa kali. Akina mama wa mtaani walipeleka chai na mandazi, na mzee wa Uvira alishikilia mfuko wake ndani ya koti. Nchi nzima ilipokea maombi zaidi ya 30,000, yaliyogusa watu karibu 50,000. Serikali iliyokuwa imehesabu sekunde za kompyuta kwa makini namna ile haikuwa imejiandaa kwa mafaili haya. Wapo waliosubiri jibu kwa miaka. Kwa hukumu yangu, huo ndio uzembe mkubwa wa tarehe uliotokea Ubelgiji mwaka 2000, na ulikuwa wa binadamu. Mzee alipata makaratasi yake. Wengine niliowasaidia kwenye meza ileile hawakupata, na mmoja wao mwaka wake mtupu ulikuwa mmoja tu.

Tarakimu mbili bado tunazo mifukoni. Namba ya taifa ya kila mkazi wa Ubelgiji inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, tarakimu mbili kwa kila kimoja, na inaishia na tarakimu mbili za uhakiki zinazopatikana kwa kugawanya kwa 97. Kwa waliozaliwa kuanzia mwaka 2000, mashine huweka kwanza 2 mbele ya namba, ndipo igawanye, ili mtoto wa 2005 asichanganywe na bibi wa 1905. Dawa ni nzuri na inafanya kazi. Wazee wenye mwezi 00 na siku 00 nao bado wapo, na bado wanakutana na fomu za intaneti zinazokataa kuendelea mpaka wataje siku ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Kompyuta nyingine, zinazohesabu sekunde tangu 1970, zitafika mwisho wa hesabu tarehe 19 Januari 2038, asubuhi ya saa kumi na mbili na dakika 14 kwa saa za Nairobi. Wahandisi wanaishughulikia sasa hivi, na nawaombea wasichekwe watakapofaulu.

Ombi langu kwenu mliopita Matonge miaka ile, au wazazi wenu walipita, ni hili. Zile bahasha, kadi za tramu, barua za wenye nyumba na risiti zilizofifia, ambazo zilitolewa nakala Januari 2000 na kurudishwa kabatini, msizitupe mnapohamisha nyumba za wazee. Ketini nao wangali hai, muwaulize kila karatasi ilitoka wapi, kisha muandike nyuma yake jina, mahali na mwaka.